Shamba Bado Liko kwa Jina la Babu

Hotuba kwa mkutano wa wananchi kuhusu ardhi na mirathi, Mbale, kaunti ya Vihiga, Kenya

Mheshimiwa naibu kamishna, machifu wetu na manaibu wao, wazee wa vijiji, watumishi wa Mungu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili mtoroke kabla sijamaliza: mirembe.

Nimeombwa nizungumzie sheria mpya ya ardhi. Sheria yenyewe, ile ya Usajili wa Ardhi, ilianza kutumika Mei 2012. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo leo anavaa viatu vya babake, na sisi bado tunaiita mpya, maana katika boma nyingi za hapa haijabisha hodi. Mahakamani imefika. Vyuo vikuu imefika, vijana wanaifanyia mtihani. Bomani imekwama, na ninavyoona mimi imekwama kwa sababu moja ambayo nitaikalia muda wangu wote: jina lililo kwenye hati ni la mtu aliyekwisha kufa.

Nilikaa nyuma ya kaunta ya ofisi ya ardhi miaka mingi, katika kaunti ambayo sitaitaja kwa kuwa wenzangu wengine bado wanakula mshahara pale. Mimi nimestaafu, kwa hiyo mniruhusu niseme wazi. Mkiniuliza ni nani mwenye ardhi ya Magharibi, nami nikijibu kwa kufuata sajili, nitawaambia ni wazee waliozikwa kabla simu ya mkononi haijaingia nchini. Hao ndio wenye majani chai ya Sabatia. Hao ndio wenye ploti za karibu na soko la Luanda. Wajukuu ndio wanaolima, wanaojenga, wanaouziana na kugombana, lakini msajili hawajui.

Kabla sijaeleza kwa nini jambo hilo linaivunja nguvu sheria ya 2012, turudi nyuma kidogo tuone hayo majina yaliingiaje.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango ulioitwa wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vikusanywe, kila mwenye shamba apewe hati, aweze kukopa, apande mazao ya kuuza. Ulishika kasi kwanza huko Mkoa wa Kati. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, na ile ya 1968 ya kuamua nani ni mwenye shamba gani. Wazee walio hapa wanakumbuka. Palikuwa na kamati ya wenyeji, afisa wa kuweka mipaka, mtu wa mnyororo wa kupimia, na upandaji wa mikonge na miyua, mimea ya kuonyesha mpaka. Rejista ikishakamilika, mwenye lalamiko alipewa siku 60 alete pingamizi. Zikipita, zimepita.

Sasa fikirieni swali lenyewe lilivyoulizwa. Afisa anasimama kwenye mpaka: "Hapa ni kwa nani?" Anayejibu ni aliyepo. Aliyekuwa Nairobi na kazi ya reli hakuwepo. Aliyekuwa Kericho akichuma chai hakuwepo. Binti aliyeolewa Tiriki hakuulizwa, na mjane akiulizwa alimtaja shemeji. Likaandikwa jina la kaka mkubwa, au la yule aliyejua kusoma, au la mzee mwenyewe kama bado alikuwa na nguvu za kutembea mpaka. Kila mtu kijijini alielewa kwamba huyo ameandikwa kwa niaba ya wenzake. Sheria ya 1963 ndiyo haikuelewa hivyo. Yenyewe ilisema aliyeandikwa ndiye mwenye mali, basi.

Na mahakama zikafuata karatasi. Mwaka 1973 iliamuliwa kesi ya baba mmoja wa Kiluhya aliyewashtaki wanawe mwenyewe ili watoke kwenye shamba lililokuwa kwa jina lake. Wanawe wakajitetea kwa mila: hili ni shamba la ukoo, sisi ni watoto, tunastahili. Jaji akasema haki za mila zilizimika siku shamba liliposajiliwa. Baba akashinda. Mwaka mmoja kabla, kesi nyingine ilikwenda njia hiyo hiyo, ya mjane aliyekuwa ameandikwa kwenye sajili, dhidi ya watoto wa mke mwenza. Wanasheria wamezibishania kesi hizo mbili kwa miaka zaidi ya arobaini. Sisi huku tulizielewa haraka. Ndiyo maana baadhi ya wazee waliificha hati chini ya godoro na hawakumwonyesha mtoto yeyote mpaka wanakufa.

Basi tuje kwenye marekebisho. Katiba ya 2010 iliigawa ardhi mafungu matatu, ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ikafuta sheria tano za zamani zilizokuwa zikipishana, moja wapo ikitoka India ya mwaka 1882. Mambo ya wakubwa yalifuata: Wizara na Tume ya Taifa ya Ardhi zikavutana kuhusu nani ana mamlaka ya kutoa hati, mpaka Mahakama ya Juu ikatoa ushauri wake Desemba 2015 kwamba kusajili na kutoa hati ni kazi ya Wizara. Sitakaa hapo. Ugomvi huo haukumrudishia mjane hata mmoja futi moja ya shamba.

Kilicho na maana kwetu ni kifungu cha 28 cha sheria hiyo ya 2012. Kinataja haki zinazolibana shamba hata kama hazikuandikwa kwenye sajili, na mojawapo ni amana ya kimila. Kwa maneno ya kwetu: kama babu aliandikwa kwa niaba ya ndugu zake, hao ndugu wana haki ndani ya hati yake. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ikaeleza utakachotakiwa kuonyesha. Kwamba shamba lilikuwa la familia au la ukoo kabla ya kusajiliwa. Kwamba wewe ni wa familia hiyo, na si wa mbali mno hata dai lako liwe la kuchekesha. Kwamba ungeandikwa kama si jambo fulani lililozuia. Na kwamba unayemdai ni mmoja wa familia hiyo hiyo. Tena ikasema si lazima uwe unaishi juu ya shamba. Yule aliyekuwa Kericho siku ya mnyororo alipata sauti yake siku hiyo, amechelewa nusu karne.

Ni hukumu nzuri na naipenda. Lakini ili uitumie lazima ufungue kesi, na kesi ya ardhi hujui itaisha lini.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi. Angalieni ulinzi ambao sheria imewapa watu. Mke analindwa: mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini yake. Mnunuzi analindwa: anafanya sachi, yaani anaomba ofisi ya ardhi imsomee sajili, anaona mwenye shamba ni nani, anaona kama kuna rehani. Mwenye dai anaweza kuweka tahadhari kwenye sajili, na msajili haandikishi chochote mpaka mwenye tahadhari asikizwe. Ulinzi wote huu unafanya kazi wakati mmoja tu, pale mwenye shamba aliyesajiliwa anapokuja kaunta kuandikisha jambo. Kama aliyesajiliwa yuko kaburini, haji. Mauzo yanafanyika chini ya mwembe, hakuna wa kuulizwa "mkeo ameridhia?", na tahadhari yako inakaa kwenye kadi ikilinda mlango ambao hakuna anayeupitia.

Wengi wenu hamjawahi kuiona kadi yenyewe, kwa hiyo niwaelezee. Ni ile mnayoiita kadi ya kijani. Hati mliyo nayo nyumbani ni nakala. Sajili halisi ndiyo hiyo kadi. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni shamba: namba, ukubwa wa kukadiria, na karatasi ya ramani ambamo limechorwa. Ya pili ni wenye shamba, mmoja baada ya mwingine kwa tarehe. Ya tatu ni mizigo: rehani ya benki, tahadhari, amri ya mahakama. Nimezishika kadi ambazo sehemu ya pili ina mstari mmoja tu, wa miaka ya sabini, wino wa buluu umefifia hadi unaisogeza dirishani ndipo usome. Jina la mzee, namba ya kitambulisho cha zamani, sahihi ya msajili ambaye naye amekufa. Sehemu ya tatu nyeupe kabisa. Ukilisoma shamba hilo kwenye kadi, ni tulivu kama siku lilipopimwa. Nenda sasa ulitazame kwa macho: nyumba kumi na kitu, kanisa la mabati, makaburi manne, vichaka vya chai vya watu watatu tofauti, na upande wa barabarani duka la mtu wa mbali ambaye anasema alinunua.

Huyo aliyenunua ana karatasi, na nitawasomea inavyokuwa. Ni ukurasa wa fulskepu. "Mimi fulani nimemuuzia fulani kipande cha shamba futi hamsini kwa futi mia, kwa shilingi kadhaa, amelipa nusu, baki atamaliza baada ya mavuno." Sahihi ya muuzaji, alama ya kidole ya mamake, mashahidi wanne, mmoja wao ndiye dalali. Chini kabisa, muhuri wa chifu. Mheshimiwa chifu, usikunje uso, sikulaumu. Watu wanakuja kwako kwa sababu ofisi yako iko karibu na inafunguliwa. Na kwa upande wa mkataba karatasi hiyo si mbaya. Tangu Juni 2003 sheria inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, wahusika watie sahihi, na shahidi athibitishe. Yote yamo.

Kasoro ni kwamba aliyeuza hakuwa na cha kuuza. Shamba ni la marehemu babake, na sheria ya mirathi, kifungu cha 45, inasema mtu asiyepewa usimamizi na mahakama haruhusiwi kuigusa mali ya marehemu. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hesabu hiyo nusu ya wenye maboma hapa ni wahalifu, na mimi mwenyewe simo mbali.

Halafu kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ni ya 1967, na mageuzi yote niliyoyataja yaliipita kando. Shamba la kilimo haliuzwi wala kugawanywa bila idhini ya Bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Yule wa fulskepu hakwenda Bodi. Angeendaje, na mwenye hati ni marehemu? Miaka ikapita, bei ikapanda, wajukuu wakakua wakamwambia arudishiwe pesa zake za zamani ahame. Mahakama ya Rufaa ikiketi Eldoret mwaka 2018 ilisema kukosa idhini ya Bodi si lazima kumuue mnunuzi aliyelipa, akaingia na kujenga huku muuzaji akimwangalia. Haki ya usawa, ile inayotazama uungwana wa jambo na si utaratibu peke yake, inaweza kumwokoa. Hapo alikuwapo muuzaji mwenye shamba lake. Anayetegemea hukumu hiyo kwa shamba la marehemu ambalo halijafanyiwa mirathi anatembea kwenye daraja la kamba.

"Basi fanyeni mirathi," wakili atawaambia. Haya, tuifanye.

Unaanza na cheti cha kifo. Mzee alikufa 1983, hakuna aliyekichukua. Siku hizo walichukua kibali cha kuzika wakaridhika. Kwa hiyo kifo kinaandikishwa upya kwa kuchelewa. Unafanya sachi kwenye ofisi ya ardhi ili mahakama ione shamba liko kwa jina la nani. Unakuja kwa chifu akuandikie barua inayotaja mjane au wajane, watoto wote, na mali. Unajaza fomu za mahakama; hakimu mkuu anaweza kusikiza mirathi ya mali isiyozidi shilingi milioni 20, kwa hiyo mashamba yetu mengi hayahitaji kwenda Mahakama Kuu. Tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30, mwenye pingamizi ajitokeze. Hapo ndipo mnapewa barua za usimamizi, na wengi wakizipata hupiga vigelegele, hununua soda, hurudi nyumbani. Hawajamaliza. Barua hizo hukupa kazi ya kusimamia, hazikupi shamba. Baada ya miezi sita mrudi mahakamani kuthibitisha, mkiwa na orodha ya nani anachukua kipi. Katika miaka yangu ya kaunta niliona familia nyingi mno zimeishia kwenye barua za kwanza. Mama msimamizi anazeeka na karatasi kwenye mfuko wa plastiki, anakufa, na wanawe wanaanza kuomba msimamizi mwingine badala yake.

Barua ya chifu ndiyo kiungo cha mambo yote, na ndiyo inayoharibiwa mapema. Wanaume wa hapa mnajua mnavyofanya. Mnakuja na orodha: wana watano. Chifu anauliza, "Na mabinti?" Mnasema, "Hao wameolewa." Sheria ya mirathi imetumika tangu Julai 1981, na haisemi wana, inasema watoto. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya familia ya upande wa Eldoret, ilikataa hoja kwamba binti apunguziwe kwa kuwa huenda ataolewa. Lakini sitaki kuwatisha kwa mahakama tu, nataka mwone hasara. Mkiwaficha dada zenu, mkapata barua, mkathibitisha, mkagawa, mkapewa hati, dada mmoja anaweza kwenda mahakamani na kuonyesha kwamba mlificha, na barua zikafutwa. Kila kilichojengwa juu yake kinayumba, pamoja na yule mliyemuuzia kwa nia njema. Wakati mwingi dada hataki shamba. Anataka aulizwe, na anataka pahali pa kurudi mambo yakimwendea kombo. Mwandikeni, atie sahihi ya kukubali au adai fungu lake, muendelee.

Tuseme mmefika mwisho, mahakama imethibitisha. Ekari moja na nusu, watoto saba. Mpimaji anaitwa, anatenga vipande, anaacha njia ya kupita, anajaza fomu ya mgawanyo. Na hapa kuna jambo ambalo hata mawakili husahau: urithi wenyewe hauhitaji idhini ya Bodi, ila urithi unaogawa shamba katika hati mbili au zaidi unaihitaji. Kwa hiyo mnarudi kwa ile Bodi. Kisha ramani inarekebishwa, namba ya babu inafungwa, namba saba mpya zinafunguliwa, saba zinalipiwa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi ambayo ni ya bure, na kila moja iko katika ofisi yake, na ofisi haziongei. Sensa ya 2019 ilituhesabu Vihiga watu 590,013, watu 1,047 kwa kila kilomita mraba. Kugawa kila ekari ya namna hiyo katika hati saba ni kumlipa mpimaji pesa zinazokaribia thamani ya vipande vyenyewe, kisha kizazi kijacho kigawane nini?

Kuna njia nyingine ndani ya sheria hiyo hiyo ya 2012, na inanishangaza kwamba haihubiriwi. Kifungu cha 91. Shamba linabaki moja, hati moja, na watoto saba wanaandikwa wote, kila mmoja na fungu lake. Mmoja akifa, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, haliwaendei wenzake. Akitaka kumuuzia mtu wa nje lazima apate idhini ya maandishi ya wale wengine, nao wasimnyime bila sababu ya maana. Hakuna mpimaji, na kwa kuwa hakuna mgawanyo, urithi hauhitaji Bodi. Mnaendelea kulima mlivyogawiana na mzee kwa miyua.

Najua pingamizi lenu, nimelisikia mara nyingi: "Benki haitanikopesha kwa fungu." Kweli, mara nyingi haitakukopesha. Na kama hamsikizani, kuandikwa pamoja ni kufungiwa chumba kimoja. Sisemi ni dawa ya kila boma. Ninasema kwamba kati ya jina la babu na majina saba ya watu walio hai, ambao wanaweza kuulizwa, kushtakiwa, kutia sahihi na kuweka tahadhari, mimi nachagua majina saba. Siku hiyo ndipo sheria ya 2012 inaanza kazi kwenye shamba lenu.

Kijana mmoja ameniuliza kabla ya mkutano kuhusu Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kumbukumbu za ardhi, kwamba si kompyuta itamaliza haya yote? Mfumo huo ulizinduliwa Aprili 2021, ukaanzia Nairobi, na unasambazwa hatua kwa hatua. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nimeona jalada likipotea asubuhi na kupatikana mchana baada ya mtu kwenda kunywa chai na mtu, na kompyuta itapunguza chai za namna hiyo. Lakini kompyuta inanakili kadi ilivyo. Kama kadi inasema mwenye shamba ni babu, utamwona babu kwenye simu yako, kwa herufi safi kabisa.

Na nyinyi wenye hati zenye majina yenu, msilale sana. Kifungu cha 26 cha sheria ya 2012 kinasema hati ni ushahidi wa kwanza kwamba shamba ni lako, ila inaweza kupingwa kama ilipatikana kwa ulaghai ulioshiriki, au kwa njia isiyo halali, au kwa kuruka utaratibu, au kwa ufisadi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ardhi ya ufuoni Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi aliyekuwa na hati mkononi, kwa sababu mzizi wa hati hiyo, namna ilivyotolewa mara ya kwanza, ulikuwa mbovu. Kwa hiyo ukinunua, usiishie kwenye sachi. Omba nakala ya kadi, fuata majina kurudi nyuma, na kama shamba lilipitia mirathi, soma ile barua iliyothibitishwa uone kama mabinti wamo. Halafu tembea kwenye shamba uulize jirani. Kuhusu mipaka, mahakama haitasikiza ugomvi wenu wa mwua uliosogezwa mpaka kwanza msajili aje aamue mpaka uko wapi. Andikeni barua kwake kabla ya kumlipa wakili.

Mtaniuliza ningefanya nini kama ningekuwa na kiti Bungeni. Nisingetunga sheria nyingine ya haki. Haki zilizoandikwa zinatosha. Ningechukua mashamba madogo ambayo familia yote imekubaliana, hakuna pingamizi, hakuna kugawa, nikawaruhusu wabadilishe jina kwa safari moja ya kaunta: barua ya chifu yenye watoto wote, viapo vyao, tangazo, na msajili aandike. Mahakama ibaki na wenye kugombana. Tuliwahi kuwa na mabaraza ya wazee ya migogoro ya ardhi kwa sheria ya 1990, yakafutwa 2011, na kwa kweli yalistahili, maana yalikuwa yakigawa watu hati ambazo hayakuwa na mamlaka nazo na Mahakama Kuu ikiyatengua kila wiki. Sitaki yarudi. Ila kazi ya kuuliza nani ni mtoto wa nani katika boma fulani, wazee hawa walioketi mbele yangu wanaiweza kuliko hakimu aliyehamishiwa hapa mwezi uliopita, na sera ya mfumo mbadala wa haki iliyozinduliwa Agosti 2020 inaruhusu wasikizwe. Kinachokosekana ni daraja la kutoka kwa wazee hadi kwenye kadi.

Mpaka hilo litokee, anayeishi kwenye shamba la jina la marehemu afanye mambo machache wiki hii. Afanye sachi ajue kadi inasemaje. Kama ana dai na anaogopa kuuziwa chini ya miguu, aweke tahadhari, hata kama nimeisema vibaya hapo mwanzo, kwa sababu siku wajanja wanapofika kaunta na cheti cha kughushi, hiyo ndiyo itakayowasimamisha. Achukue cheti cha kifo cha mzee, peke yake, hata kama hayuko tayari kwa mirathi, wakati bado wapo wanaokumbuka alikufa lini. Na asiuze wala kununua kipande chochote mpaka usimamizi uwe umethibitishwa. Nimesema asinunue pia, mnisikie nyinyi mnaofanya kazi Nairobi na kutuma pesa kwa simu.

Baada ya chakula nitakaa kwenye ile meza karibu na tangi la maji, pamoja na mabinti wawili wanaosomea sheria ambao wamejitolea kutusaidia. Aliye na karatasi alete tuzitazame, hatutozi kitu. Leteni nakala. Hati halisi acheni nyumbani, na mtu yeyote atakayewaambia leo kwamba ametumwa na mimi kuzikusanya, mshikeni mumpeleke kwa chifu, yuko hapa.